Kishona nguo na jembe letu

Leo naanza na ombi. Kama uko nyumbani, na nje kuna shamba, bustani au hata ukingo wa njia ambao haujafyekwa, mtume mtoto akakuchumie kishona nguo. Achume shina zima, lenye maua na lenye vichwa vilivyokwisha kukauka. Hatakawia, maana mmea huu hauna haja ya kutafutwa. Akirudi na zile mbegu nyeusi zimemganda kwenye kaptula, usimkaripie wala usizibandue bado. Tutazihitaji baada ya muda mfupi.

Wakikuyu wanakiita mucege, na kila jamii inayolima katika nchi hizi ina jina lake kwa mmea huu. Wataalamu wanauita Bidens pilosa, jina alilolichapisha Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea ya dunia majina mawili mawili, katika kitabu chake cha mwaka 1753. LeRoy Holm na wenzake, waliokusanya habari za magugu mabaya kuliko yote duniani na kuzichapisha mwaka 1977, walikikuta katika mazao 31 na katika nchi zaidi ya 40. Ni mmea wa msimu mmoja: unaota, unachanua, unazaa, unakufa, na mwakani hakuna kinachobaki isipokuwa mbegu.

Muulize mkulima wa Kiambu, wa Lushoto au wa Mbale kishona nguo kilitoka wapi, naye atakushangaa. Kipo. Kilikuwapo kwa baba yake na kwa babu yake. Lakini asili yake ni Amerika ya kitropiki, na huku kwetu ni mgeni aliyezoeleka hadi tukasahau kwamba ni mgeni. Si peke yake. Ile bangi mwitu yenye harufu kali inayoota kwenye mashamba ya nyanda za juu nayo ilitoka Amerika ya Kusini. Mahindi nayo yalitoka Amerika, na maharage, na mihogo, viazi vitamu, nyanya, pilipili. Huko Mexico mahindi na maharage vimelimwa pamoja kwa maelfu ya miaka katika mashamba yanayoitwa milpa, na kishona nguo ni miongoni mwa magugu ya kawaida ya mashamba hayo. Sasa tazama shamba la Mbozi au la Kakamega: mahindi, katikati yake maharage, na baina ya mistari kishona nguo. Majirani watatu wa zamani wamekutana tena ng'ambo ya bahari, na sisi ndio tuliowajengea mtaa.

Hilo ndilo neno langu la leo. Kishona nguo hakikuziteka nchi hizi kwa nguvu zake chenyewe. Kinaishi kwa jembe letu na kwa nguo zetu. Ingia katika msitu uliofunga, hukioni. Nenda kwenye nyasi za kudumu ambazo hazijaguswa kwa miaka mingi, utakiona labda kwenye njia ya ng'ombe tu. Kinakaa pale udongo ulipofunuliwa: shambani, uani, kando ya barabara mpya, kwenye kiwanja kilichosafishwa kwa ajili ya nyumba ambayo haijajengwa. Na kila kiungo cha mwili wake kimeelekezwa kwenye maisha hayo. Ndiyo maana naomba tuusome mwili huo polepole, kwa sababu anayeujua atajua ni wapi mmea huu unatutegemea, na ni lini.

Kama mtoto amesharudi, shika shina. Lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Halizunguki vizuri, kwa sababu halikuviringana. Lina pembe 4. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na kila jani limegawanyika katika vijani 3 au 5 vyenye kingo za meno madogo, kile cha mwisho kikiwa kikubwa kuliko wenzake. Mmea ulioota kwenye udongo mzuri hufika kifuani mwa mtu. Ulioota kwenye changarawe, mvua zikakatika mapema, unaweza kuchanua ukiwa na kimo cha kiganja. Huo si udhaifu. Mmea wa msimu mmoja hauna akiba ya mwaka ujao ndani ya mizizi, hauna kiazi wala tunguu. Ukiona ukame unakuja, unageuza kila ulicho nacho kuwa mbegu, hata kama ni mbegu chache, na kazi yake imekwisha.

Sasa njoo kwenye ua. Kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua mengi yaliyokaa kwenye kitako kimoja, kama ilivyo kwa alizeti, kwa maana hawa ni wa familia moja. Zile petali nyeupe za pembeni, kwa kawaida 4 hadi 8, kila moja ni ua dogo peke yake, na maua hayo ya pembeni hayazai. Kazi yake ni kumwita mdudu. Kuna mimea ya kishona nguo isiyo na petali hizo kabisa, nayo inaishi vizuri tu. Uzazi wote uko katikati, kwenye ile njano. Chukua sindano, au ukucha kama ni mrefu, uchomoe kijiua kimoja cha njano. Utakuta mrija mdogo wenye ncha 5 mdomoni. Ndani yake vichavulio vimeungana vikafanya bomba, na pistili hupanda ndani ya bomba hilo ikiisukuma chavua nje, mpaka poda ya njano inakaa juu tayari kupakaza mguu wa nyuki. Chini ya mrija kuna ovari ya kijani, nyembamba, na juu ya ovari hiyo, hata kabla ua halijanyauka, utaona vijiti viwili au vitatu vilivyosimama wima. Hapo ndipo umeishika siri ya mmea huu mkononi.

Vijiti hivyo, kwa asili ya maumbile, viko mahali pa kaliksi, yaani zile sepali za kijani zinazolishika ua katika mimea mingine. Kwa familia ya alizeti kaliksi imepewa kazi nyingine. Wewe wa pwani unaujua mchunga, ile mboga chungu inayopikwa kwa nazi. Mchunga nao ni wa familia hii, na ukikomaa unatoa nywele nyeupe laini zinazoibeba mbegu kwenye upepo. Nywele za mchunga na vijiti vya kishona nguo ni ogani ileile. Mmoja umechagua upepo, mwingine umechagua mwili wa kiumbe anayepita.

Sasa bandua mbegu moja kutoka kwenye kaptula ya mtoto. Kwa lugha ya wataalamu si mbegu, ni tunda kavu lenye mbegu moja ndani, lakini sisi tuendelee kuiita mbegu. Iweke kwenye karatasi nyeupe, chukua kioo cha kukuzia, au sogeza kamera ya simu karibu kabisa. Utaona kijiti cheusi chembamba chenye mifereji ubavuni, na kichwani miiba 2 au 3 ya rangi ya majani makavu. Ukuze zaidi. Kila mwiba umejaa vimiiba vidogo zaidi, na vyote vimeelekea nyuma, upande wa mbegu, kama chusa ya mvuvi. Kuingia kwenye kitambaa ni rahisi. Kurudi nyuma ndiko kunakoshindikana. Ndiyo sababu ukiivuta mbegu kwa nguvu inakata uzi badala ya kutoka, na ndiyo sababu mbegu iliyokaa kwenye soksi inazidi kuzama kadiri unavyotembea.

Tazama pia kichwa kilichokauka ambacho hakijaguswa. Vile vijani vya kijani vilivyokuwa vimelikumbatia ua vimejikunja kuelekea chini, na mbegu zimetanuka pande zote mpaka zimefanya mpira mweusi, miiba yote ikitazama nje. Mbegu hizo hazikushikwa sana kwenye kitako chake. Gusa kwa ncha ya kidole, zinakuja. Mmea umefanya mambo mawili yanayokamilishana: umelegeza mkono upande wa mama na kukaza mkono upande wa mpita njia. Anayepita hahitaji kusimama. Upindo wa kanga ukigusa kwa nusu sekunde, mbegu kumi zimepanda safari. Mkia wa punda, manyoya ya kondoo, mbwa wa mlinzi, gunia lililoburutwa, yote ni vyombo vya usafiri.

Na je, kama hakuna anayepita? Jibu liko kwenye visiwa vya Hawaii. Huko kuna spishi karibu 20 za ukoo huu wa Bidens ambazo ni za asili ya visiwa hivyo peke yake. Wanasayansi wanaamini babu yao alifika amenasa kwenye manyoya ya ndege. Lakini baada ya kufika, katika misitu ya visiwa isiyokuwa na wanyama wakubwa wenye manyoya wa kuchukua mbegu, vizazi vyake vingi vilipoteza miiba. Nyingine mbegu zake zimekuwa laini, nyingine zimejipinda. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, Sherwin Carlquist, aliliandika jambo hili katika miaka ya 1960 kuwa mfano wa mimea ya visiwani inayopoteza uwezo wa kusafiri. Mwiba hudumishwa na yule anayepita. Kwetu anayepita ni mimi na wewe, kila siku, asubuhi tukienda na jioni tukirudi.

Ukoo huu, tusisahau, una watu wake wa asili hapa kwetu pia. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru kuna Bidens kilimandscharica, yenye maua ya njano yanayovutia sana. Na Ethiopia, mvua zinapokatika mwezi Septemba, milima inageuka njano kwa maua ya adey abeba, ambayo nayo ni Bidens, na watu wanayabeba kuupokea mwaka wao mpya. Naumia kidogo nikiona vijana wetu wanalijua gugu hili lililotoka Amerika na hawajui kwamba ndugu zake wazawa wako mlimani. Hao hawakujifunza kuishi kwenye shamba la mahindi.

Turudi kwa mgeni wetu, kwa sababu kuna jambo jingine lililomsaidia. Kishona nguo kinaweza kujichavusha. Mbegu moja ikidondoka kwenye kijiji kipya, ikaota mmea mmoja tu, mmea huo hauhitaji mwenzake ili uzae. Nyuki, nzi na vipepeo wanautembelea, nao unafaidika, lakini hata wasipokuja mbegu zitapatikana. Robert Ballard, aliyekichunguza kishona nguo na ndugu zake wa karibu katika Amerika ya Kaskazini na ya Kati, alionyesha mwaka 1986 kwamba kuna spishi 3 zinazofanana sana: moja ina kromosomu 24, nyingine 48, na hii yetu ina 72. Mimea yenye seti nyingi za kromosomu mara nyingi huvumilia mazingira ya aina nyingi, na kishona nguo kinaota kutoka mchanga wa pwani mpaka kwenye miinuko ya viazi mviringo na pareto.

Sasa nifike mahali ninapopapenda kuliko pote. Chukua kichwa kimoja kilichokauka, kizima, ukivunje juu ya karatasi. Usizitazame mbegu kwa jumla. Zipange kwa urefu. Utagundua kwamba mama mmoja, ndani ya kichwa kimoja, amezaa watoto wa aina mbili. Za katikati ni ndefu, nyembamba, laini, nyeusi. Za pembeni ni fupi, nene zaidi, zinakwaruza, na mara nyingi zina rangi inayoelekea kahawia. Mkulima anaweza kulima miaka 40 bila kuliona hili, na si kosa lake, maana nani ana muda wa kupanga mbegu za gugu kwa urefu?

Watafiti wawili wa Afrika Kusini, Forsyth na Brown, walizipanga, na mwaka 1982 wakachapisha walichokiona. Zile ndefu huamka upesi. Zipe maji na joto, zinachipua kwa wingi bila masharti mengi. Zile fupi zina ganda linaloizuia mbegu isiamke haraka, na zinataka mambo zaidi, hasa mwanga. Watafiti wengine, wa Mexico, wakalirudia jambo hili mwaka 1991 kwa ndugu wa karibu wa kishona nguo, wakipima mwanga na joto, na wao wakakuta aina hizo mbili hazifuati ratiba moja. Ile ndefu ndiyo inayojitokeza zaidi kwenye ule mpira mweusi, ndiyo inayonasa nguo, na ikifika ugenini inaota msimu huohuo. Ile fupi, ya pembeni, inaelekea kubaki nyumbani, inadondoka karibu na mama, inafukiwa, inalala. Msimu huu ukiwa mbaya, mvua ikanyesha siku tatu kisha ikatoweka, ndefu zitakufa zote zikiwa miche. Fupi zitakuwa bado zimelala, zikingoja.

Ndiyo sababu unamsikia mtu akisema, nimepalilia mpaka nimemaliza, na wiki iliyofuata shamba limekuwa kijani tena. Hakupalilia vibaya. Alichokitoa ni toleo la kwanza. Na kwa jembe lake ameligusa toleo la pili, kwa sababu mbegu ya kishona nguo huamshwa na mwanga. Ile iliyo juu ya udongo inaota kwa urahisi. Iliyofukiwa chini ya kina cha kidole kizima ni vigumu itoke, lakini haifi upesi. Holm na wenzake waliandika kwamba mbegu nyingi zilikuwa bado na uhai baada ya miaka 3 hadi 5. Jembe likishuka na kupindua udongo, linazileta juu mbegu zilizokuwa gizani, mwanga unazigusa, na safari inaanza. Tunapanda mahindi kwa mkono mmoja na kuamsha kishona nguo kwa mkono wa pili, katika pigo moja la jembe.

Hesabu yake nayo ni ya kutisha kidogo. Mmea mmoja uliokua vizuri hutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, na mahali penye joto na unyevu wa kutosha vizazi 3 au 4 vinaweza kufuatana ndani ya mwaka mmoja.

Kuna waliosema dawa za kuua magugu zingemaliza kazi. Mwaka 1991 jarida la Kenya Coffee lilichapisha taarifa ya mtafiti Njoroge kwamba kishona nguo katika mashamba ya kahawa kilikuwa kimeanza kustahimili paraquat, dawa iliyokuwa ikipuliziwa humo. Brazil nako, miaka hiyohiyo ya 1990, kikastahimili aina nyingine ya dawa kwenye mashamba ya soya. Mmea unaozaa maelfu ya watoto mara kadhaa kwa mwaka unapata nafasi nyingi za kumzaa yule mmoja asiyeuawa. Sisemi dawa hazina mahali pake. Nasema mtu asitegemee pampu peke yake dhidi ya mmea wa namna hii, tena asipulizie dawa ileile kila msimu.

Basi mmea huu unatutegemea wapi? Fuata kalenda yake. Mche ukitoka, una kotiledoni mbili ndefu na nyembamba, unazitambua mara moja ukizoea. Wiki 6 hivi baada ya kuota, ua la kwanza. Wiki 4 hivi baadaye, mbegu nyeusi. Sasa iweke kalenda hiyo pembeni mwa kalenda ya mahindi. Palizi ya kwanza hufanyika mahindi yakiwa bado machanga, na hiyo tunaifanya kwa bidii. Ya pili tunaifanya kabla mahindi hayajafunga. Baada ya hapo, mkulima anapumzika, na ana haki, maana mahindi yameshaushinda ushindani na mavuno hayapungui tena kwa ajili ya gugu linalotoka chini ya kivuli. Kwa zao la msimu huu palizi imekwisha. Lakini ni katika majuma hayo hasa, shamba likiwa kimya, mahindi yanakauka, mwanga unarudi chini, ndipo kishona nguo kinapochanua na kuiva. Kisha tunaingia sote kuvuna, mama, baba na watoto, magunia na punda, tunapita katikati ya ile mipira myeusi, na tunaipeleka kwenye kila njia, kila ua na kila shamba la jirani.

Mimi nashikilia kwamba palizi inayoamua hatima ya shamba la mwakani ni ile ambayo haitusaidii kitu mwaka huu. Kupita mara moja, bila jembe, kwa mkono tu, kung'oa vishona nguo vinapoanza kuonyesha njano na kabla ya kugeuka vyeusi. Bila jembe, nasisitiza, ili udongo usifunuliwe. Udongo ukiwa umelowa, mzizi wake unatoka bila ugomvi. Vilivyong'olewa kabla ya mbegu wape sungura au mbuzi, wanavipenda. Vilivyokwisha kugeuka vyeusi usivitupe mpakani wala kwenye lundo la mboji lisilopata moto, vichome. Na matandazo ya mabua yaliyofunika ardhi yanafanya kazi kubwa, kwa kuwa yanauzuia ule mwanga unaoziamsha mbegu. Ukifanya hivyo misimu kadhaa mfululizo, akiba ya mbegu ardhini inapungua kweli, maana za zamani zinaisha uhai na mpya haziingii. Kazi hii haihitaji fedha, ila inataka majirani wakubaliane, kwa sababu mpaka wa shamba haumzuii punda.

Nisingekuwa mkweli kama ningemaliza bila kusema upande wake wa pili. Majani machanga ya kishona nguo ni mboga. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini watu wameyachemsha na kuyachanganya na mchicha, majani ya kunde au karanga za kusaga ili kupunguza ukali wake, hasa mwanzo wa mvua wakati bustani bado haijatoa kitu. Ni chakula halali na wala si aibu ya njaa. Juisi ya majani imekamuliwa juu ya vidonda na bibi zetu vizazi na vizazi. Na maabara zimekuta mambo ya kweli ndani yake. Neil Towers na wenzake huko Canada walionyesha mwaka 1979 kwamba kemikali moja ya mmea huu, fenilheptatriaini, inakuwa sumu kwa seli inapopigwa na miale ya urujuanimno. Taiwan, watafiti wa Academia Sinica wamechunguza kemikali nyingine yake kuhusiana na kisukari, wakifanya majaribio kwa panya. Panya wa maabara si mgonjwa wa kisukari wa Morogoro, kwa hiyo msikilizaji mwenye dawa za hospitali asiziache kwa sababu ya chai ya majani.

Taiwan hiyohiyo inatufundisha jambo jingine. Wafuga nyuki wa huko walileta aina yenye petali kubwa nyeupe kwa ajili ya asali, na nyuki walifurahi, lakini mmea ukatoka nje ya mipaka na kuenea kisiwa kizima.

Na kuna tahadhari moja ambayo siisikii ikisemwa sokoni. Kishona nguo huivuta kwa wingi metali yenye sumu iitwayo kadimiamu, kama imo ardhini, na kuihifadhi katika majani. Watafiti wa China wamekithibitisha kuwa miongoni mwa mimea yenye uwezo huo mkubwa. Kwa hiyo usichume mboga hii kwenye jalala, nyuma ya gereji, karibu na kiwanda wala kando ya barabara kuu. Jani litakuwa zuri kwa macho, na kuchemsha hakuondoi metali. Chuma shambani kwako, mahali unapojua historia ya udongo wake, na palipopuliziwa dawa usiguse.

Kwa walimu wanaonisikiliza, nina kazi ya kufanywa darasani, na haihitaji vifaa vya kununua. Kila kikundi kichukue vichwa vichache vilivyokauka, kitenganishe mbegu ndefu na fupi, na kihesabu 20 za kila aina. Ziwekwe kwenye sahani mbili zenye pamba iliyoloweshwa, karibu na dirisha, na wanafunzi waandike kila asubuhi ngapi zimechipua, kwa wiki 2. Kisha jaribio lirudiwe, safari hii sahani zikiwa 4: ndefu na fupi mwangani, ndefu na fupi chini ya boksi jeusi lisilopitisha mwanga hata kidogo, zifunguliwe siku ya mwisho tu. Wachore jedwali, walinganishe, wabishane kabla mwalimu hajasema lolote. Majaribio yakiisha, mbegu zote zilizobaki, pamoja na pamba yake, zitiwe motoni. Zisimwagwe nyuma ya darasa.